Mkono Wenye Vidole Vinne na Nusu

X nyekundu ilikuwa bado mbichi kwenye mlango wa mama yangu, inachuruzika.

Brashi iliyoichora ilikuwa yangu. Namba tatu, mpini wa njano, niliufunga uzi mweusi ili isiibiwe.

Rangi ilikuwa yangu.

Na mkono ulioshika brashi... ulikuwa wa mchumba wangu.

"Crispus?"

Aligeuka taratibu. Hakuificha ile brashi. Aliishika tu, kama mtu aliyekutwa anakula chakula chake mwenyewe.

"Ithungu. Wewe si ulisema utashinda Mpondwe leo?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Si samahani. Si ngoja nikueleze.

Jamani, nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana najua wapo watakaosema nilizidisha.

Naitwa Ithungu. Nachora mabango hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kama uliwahi kupita kwetu ukaona kwa kinyozi pamechorwa mtu mwenye shavu lililovimba utadhani anaumwa jino, ile ni kazi yangu. Nilikuwa bado najifunza.

Mama yangu, Edisa, ni mshonaji. Cherehani yake imekaa kwenye baraza moja la Mtaa wa Pamba tangu mwaka 2006. Hapo ndipo ada yangu ya shule ilipotoka. Hapo ndipo nilipolala chini ya meza kwenye mabaki ya vitambaa. Hatuna shamba, hatuna ng'ombe. Tuna hilo baraza.

Mtaa wa Pamba zamani ulikuwa ndio mji wenyewe. Halafu biashara ikasogea kule mpakani na mtaa ukafa. Maduka yakafungwa, mitaro ikajaa mifuko ya plastiki, mbuzi wakalala mlangoni mwa watu mchana kweupe. Wakabaki akina mama ishirini na wawili kwenye mabaraza, wanauza kwa mteja mmoja mmoja.

Mimi na Crispus Masereka ndio tuliosema mtaa huu tutauamsha.

Yeye ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Maliba. Anaongea vizuri, anavaa vizuri, na kidole chake cha pete mkono wa kulia hakina ncha, kililiwa na mashine ya kumenya kahawa akiwa mdogo. Nilikuwa namtania kwamba huyo hata pete itamkimbia. Alikuwa ameshatambulishwa kwetu, ameleta na mbuzi wawili. Mwenzenu nilipenda, sitadanganya.

Tukaunda kikundi cha kujitolea. Kila Jumamosi, watu thelathini, arobaini, tunazibua mitaro, tunafagia, tunapaka rangi. Bure. Mwenyekiti, Crispus. Mchoraji, mimi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyetunga sheria ya kikundi. "Maji kwanza, maneno baadaye." Maana yake, hata uwe nani, ukija Mtaa wa Pamba huruhusiwi kuhutubia kabla hujashika ndoo ukaosha kitu. Nilimchorea hiyo sheria kwenye fulana yake. Alikuwa anapigwa nayo picha kila wiki.

Lakini mwanzoni akina mama waligoma kuja.

Rachelle, Mkongomani anayeuza vitenge jirani na mama, alisema wazi mbele ya kila mtu:

"Banatuambia tupendezeshe. Tukisha kupendezesha, batatufukuza. Mimi niliona ile maneno mbele, miye siko mutoto."

Crispus akasimama juu ya kiti.

"Mama Rachelle, andika mahali unataka. Mimi nitaweka mkono."

Basi nikachora. Kuna ukuta mrefu wa ghala mwanzoni mwa mtaa. Niliupaka wote rangi ya mafuta ya bluu, juu mpaka chini. Nikaandika majina ishirini na mawili, kila mama na kazi yake, namba ya baraza lake na mwaka alioanza. Kila mmoja akachovya kiganja kwenye rangi akakibandika pembeni ya jina lake.

Chini kabisa nikaandika kiapo cha mwenyekiti.

"Mimi Crispus Masereka naapa, mtaa huu ukipendeza, hakuna mama atakayeondolewa. Mkono wangu huu."

Akachovya. Akabandika. Vidole vinne na nusu.

Watu walipiga makofi, mama yangu akapiga vigelegele. Toka siku hiyo akina mama walikuja Jumamosi kumi na sita bila kukosa.

Sasa rudi pale mlangoni, kwenye ile X.

"Hii ni nini, Crispus?"

"Mabaraza inatolewa. Mahali hii inakuwa parking. Kuna tajiri anachukua mtaa yote, anaweka hoteli."

"Na kiapo chako?"

"Ithungu, mambo imebadilika. Hata wao walikubali. Walisaini."

"Nani alisaini?"

"Wote. Hata mama yako."

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, mguu umesimama kwenye kikanyagio. Alinitazama akatikisa kichwa polepole.

Sikupiga kelele. Nilinyoosha mkono, nikachukua brashi yangu, nikaifuta kwenye shati lake jeupe. Halafu nikaondoka.

Kesho yake, Alhamisi, nikapanda takisi mpaka Kasese.

Mradi uliokuwa unatusaidia saruji na rangi una ofisi yake huko, na karani wake, Nuwamanya, nilisoma naye. Akafungua faili. Nikaona barua.

"Sisi wafanyabiashara wa Mtaa wa Pamba tunakubali kuondoka kwa hiari yetu..."

Na nyuma yake, saini. Kurasa na kurasa. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama yangu, ile herufi E anayoiandika kama sindano iliyopinda.

Nilizijua zile karatasi. Kona moja ilikuwa na doa la chai niliyomwaga mwenyewe.

Lilikuwa daftari letu la mahudhurio. Kila Jumamosi Crispus alikuwa anasema, "Saini kwanza, tujue nani alikuja." Alikuwa amelichana, akazibandikia barua mbele kurasa zake.

Kumbe kila tulipokwenda kufagia mtaa wetu, tulikuwa tunasaini kuuhama.

"Tingatinga linakuja Jumatatu," Nuwamanya akanong'ona. "Jumamosi mkuu wetu wa mradi, Madam Musimenta, anakuja Bwera kuuzindua mtaa. Yeye anaamini mmekubali. Ithungu, huna picha ya ule ukuta wa majina ulioniambia?"

"Ninayo kwenye simu."

"Nitumie. Naenda kumwonyesha sasa hivi, hii kitu inakwisha leo."

Hapa ndipo mtakaponihukumu.

Nilikataa.

Nilitaka Crispus aumbuke. Sikutaka aitwe ofisini, aambiwe kwa sauti ya chini, halafu atoke akijifuta jasho aseme kulikuwa na kutoelewana. Alitudanganya akiwa juu ya kiti, mbele ya mtaa mzima. Nilitaka ashuke mbele ya mtaa mzima.

"Hiyo faili Jumamosi mje nayo," nikamwambia. "Mengine niachie."

Nikiwa kwenye takisi narudi, simu ikaita. Crispus.

"Mpenzi, bado una hasira?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sikia. Ule ukuta wa majina, Madam asiukute. Ufute kesho. Ukifuta, X ya mama yako naitoa mimi mwenyewe."

"Na wengine ishirini na mmoja?"

"Ithungu, wewe si mama ya watu wote."

Nikatazama nje. Tulikuwa tunaingia Muhokya. Moshi wa matanuri ya chokaa ulikuwa unapanda kando ya barabara. Pale ndipo nilipozaliwa. Marehemu baba yangu alichoma chokaa pale mpaka nywele zake zikawa nyeupe kabla ya umri wake.

Wazo likanijia lote kwa mara moja. Nikatabasamu peke yangu mpaka abiria wa kando yangu akasogea.

"Sawa," nikamwambia Crispus. "Lakini rangi ya mafuta haitakauka, Madam atachafua gauni lake la gomesi. Nitapaka chokaa. Inakauka siku hiyo hiyo."

"Wewe ndiye unajua kazi."

"Ndiyo. Mimi ndiye najua."

Nikamwambia dereva, "Nishushe hapa."

Sasa, ninyi ambao hamkuzaliwa Muhokya, baba yangu alinifundisha mambo mawili kuhusu chokaa. La kwanza, chokaa isipotiwa chumvi haikai, ukiipitishia maji inakuja yote. La pili nitalisema mwishoni.

Ijumaa nikakoroga ndoo nne bila hata punje ya chumvi. Nikapaka ukuta mara tatu. Majina yote yakapotea. Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Hakujua nina mpango gani, nami sikumwambia. Aliangalia mahali jina lake lilipokuwa, akarudi kwenye cherehani yake. Siku hiyo hakushona.

Iliniuma. Lakini hasira ilikuwa imenijaa hadi hapa.

Niliyemwambia ni Rachelle tu, maana nilihitaji mtu mmoja mwenye ndoo.

"Mudogo wangu," akasema baada ya kucheka mpaka akakaa chini, "hiyo ndoo achia mimi."

Jumamosi ikafika.

Mahema, viti vya plastiki, muziki. Yule tajiri alikaa mbele na miwani yake. Crispus alivaa ile fulana ya sheria. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma ratiba, kama Jumamosi zote, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu.

Madam Musimenta akashuka kwenye gari na gomesi yake ya kijani. Mama wa watu, mnene, mcheshi, anasalimia mpaka wauza ndizi. Nuwamanya nyuma yake na faili kwapani.

Crispus akasogea kuchukua kipaza sauti ili amkaribishe.

Sikumpa.

"Madam, karibu Mtaa wa Pamba. Ila mtaa huu una sheria. Aliitunga mwenyekiti wetu, na ipo hapo kifuani kwake. Maji kwanza, maneno baadaye."

Watu wakacheka. Madam akaisoma ile fulana, naye akacheka.

"Kwa hiyo siongei mpaka nioshe?"

"Huongei, Madam."

"Leteni ndoo. Mimi nililelewa na jembe, mnanitisha na ndoo?"

Akavua viatu. Crispus alianza kuangaza macho.

"Madam, njoo huku, mutaro iko huku, wapiga picha wako huku..."

Akamshika kiwiko kumpeleka kwenye mtaro. Na Madam akaanza kumfuata.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtaro ulikuwa upande wa pili kabisa. Akiosha mtaro, anahutubia, anaondoka, na Jumatatu tingatinga linakuja. Na picha ninayo kwenye simu, nilikataa kuituma.

"Madam, pardon."

Ilikuwa sauti ya Rachelle. Amesimama kando ya ukuta mweupe, uso wa huruma kama yuko msibani.

"Batoto balichafua mur yetu na matope, na wageni beko hapa. Miye nasikia haya kabisa."

Kweli, katikati ya ule weupe kulikuwa na bonge la tope, ukubwa wa sinia. Lilikuwa bado linatiririka. Nadhani mnajua lilitoka ndoo ya nani.

"Ukuta mzuri hivi?" Madam akasema. Akageuka. "Hapana, mimi naosha hapa."

"Madam, ile acha, watu watafanya..."

"Mwenyekiti, sheria ni yako."

Akachovya brashi ya kufulia ndani ya maji. Akasugua.

Tope likatoka. Na chokaa ikatoka nayo, ikatiririka kama maziwa.

Chini yake, bluu.

Akasugua tena. Ikatokea herufi. E. D. I...

"EDISA," Madam akasoma kwa sauti. "Mshonaji. Baraza namba moja. Tangu 2006." Akakitazama kile kiganja pembeni. "Edisa ni nani?"

Mama yangu akasimama. Hakuwa amejua, nawaapia. Alikuja akitembea kama anayeota, akaweka kiganja chake juu ya kile cha ukutani. Kikaenea.

Sikumwita mtu mwingine. Akina mama walisimama wenyewe, mmoja mmoja, na vitambaa, na brashi, wengine na kanga zao. Kila mmoja alijua jina lake lilipo. Ukuta ulilia chokaa mpaka ikavuka njia, ikaingia kwenye mtaro tuliouzibua wenyewe.

Wa mwisho alikuwa Rachelle. Aliinama chini kabisa, akaosha kile kiapo, taratibu, mstari kwa mstari, kama anamwogesha mtoto.

Madam alisoma kimya. Halafu akachukua faili kwa Nuwamanya, akaitazama ile barua.

"Mama Edisa, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisaini kuondoka?"

"Nilisaini kuja kufagia."

Mwenye muziki akazima.

"Mwenyekiti?"

Crispus akacheka kicheko kikavu.

"Madam, hiyo si mkono yangu. Mutu alichora tu. Huyu dada tuligombana, mambo ya mapenzi..."

Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni.

Kulikuwa na afande mmoja wa kulinda wageni. Aliutazama ukuta, akahesabu vidole kwa midomo, akamtazama Crispus.

"Wewe. Toa mkono mfukoni."

"Afande..."

"Toa."

Akautoa.

Sihitaji kuwasimulia. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akafuata wa pili. Yule tajiri wa miwani alikuwa ameshaingia kwenye gari lake. Crispus alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano aliniomba kwa macho. Nilisogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

"Sasa, mwenyekiti, umeshaoshwa. Unaweza kuongea."

Aliurudisha mkono mfukoni.

Tingatinga halikuja. Barua ilichanwa pale pale, na X zote nilizifuta mimi na mafuta ya taa. Mama aliwapakia wale mbuzi wawili kwenye pikapu wakarudi kwao Maliba, pamoja na kamba zao. Na kikao cha mtaa kiliamua kwamba Crispus aliiba Jumamosi kumi na sita za watu, basi azilipe. Jumamosi kumi na sita kwenye mtaro, na koleo, peke yake.

Jioni ya siku ya uzinduzi nikamwonyesha mama zile picha za ukuta kwenye simu yangu, najisifu.

Akaisogeza moja karibu na macho.

"Hii picha ulikuwa nayo Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Na ungeionyesha Alhamisi, ningelala Ijumaa?"

Akainama kwenye cherehani yake. "Ulimpiga vizuri," akasema. "Lakini fimbo ilikuwa baraza langu."

Maneno hayo bado yananifuata. Sikutegemea yeye ndiye atakayeyasema.

Mngedhani nilijifunza kusamehe. Mchungaji wetu naye alihubiri juu ya msamaha, akinitazama mimi kabisa.

Jumamosi ya kumi na sita Crispus alinijia, koleo mkononi, amekonda.

"Ithungu, nimemaliza. Niondolee ule mkono. Watoto wa shule wakipita wananiita Nne-na-Nusu."

"Nitakufutia kwa chokaa."

"Ya chumvi," akasema haraka. "Si ile ingine. Niliuliza watu."

Na kweli alikuja na mfuko wa chumvi ya ziwa la Katwe. Aliimimina mwenyewe kwenye ndoo, akakoroga mwenyewe, akaonja kwa ulimi kuhakikisha. Nikapaka mbele ya macho yake. Mkono ukapotea. Machozi yalimlenga.

"Wasingya, Ithungu," akasema, yaani asante, kwa Lhukonzo, lugha yetu. Karibu nimwonee huruma.

Karibu.

Sasa lile jambo la pili alilonifundisha baba. Chumvi inasaidia chokaa kwenye udongo na saruji. Lakini juu ya rangi ya mafuta, hata ukorogee ziwa lote la Katwe, chokaa haishiki. Inalala tu, inasubiri maji.

Jumanne mvua ilishuka kutoka mlimani. Jumatano asubuhi watoto wa shule walikuwa ukutani, wanahesabu vidole.

Funzo langu ni hili, ninyi mnaojitolea mijini kwenu, kufagia, kupaka, kuzibua mitaro ya watu wote. Jitoleeni, mtaa haujifufui wenyewe. Lakini kabla hujasaini, andika juu ya karatasi unasaini nini. Na ahadi ya kiongozi wako, iandike kwa rangi isiyotoka. Na ukiwa na ushahidi wa kumwokoa mama yako leo, usiuweke hadi keshokutwa kwa ajili ya hasira yako. Hilo la mwisho nimejiandikia mwenyewe.

Crispus amenipigia asubuhi hii.

"Ithungu, ule mkono umerudi tena. Tulikosea wapi?"

Mama alikuwa ananisikiliza kutoka kwenye cherehani. Nilimwona anauma uzi ili asicheke.

"Chumvi haikutosha," nikamwambia. "Jumamosi lete nusu gunia."